Maswali ya Wasomaji: Utabiri wa Machi, Hesabu za Julai

Katika toleo la Machi niliwaomba wapenzi wa besiboli wa Tabora na Kigoma mnitumie utabiri wenu wa msimu wa 2025 wa ligi kuu ya Marekani. Sharti lilikuwa moja tu: kila utabiri uje na sababu yake, hata kama ni ya mstari mmoja. Barua zenu nilizinakili kwenye kaunta buku linalokaa kwa mama muuza kahawa, jirani na stesheni ya reli hapa Tabora. Yeyote anaruhusiwa kulifungua na kusoma. Kufuta hairuhusiwi.

Sasa Mechi ya Nyota Wote imeshachezwa Atlanta, Julai 15, na timu zimerudi uwanjani. Kila timu kati ya zile 30 hucheza mechi 162, kwa hiyo ukihesabu kwa rula nusu ni mechi ya 81, lakini desturi ni kuhesabu kwenye mapumziko haya ya Julai, timu zikiwa zimeshacheza mechi kama 96. Barua za pili zimeanza kuingia na nyingi zinauliza nani kapatia na nani kakosa. Nitajibu. Ila nitamuuliza kila mmoja pia: ile sababu uliyoandika Machi bado ipo, au imekufa? Miaka niliyofanya kazi reli, treni ya Kigoma ilipoingia hapa imechelewa, swali la maana lilikuwa imecheleweshwa na nini. Ikiwa ni injini, itachelewa zaidi mbele. Ikiwa ilisubiri kupishana Itigi, itafidia.

*Shikamoo mzee wetu. Niliandika kwamba Los Angeles Dodgers watashinda mechi 120 na kuvunja rekodi. Hivi sasa wanaongoza kundi lao, lakini wenzangu wananidai kreti ya soda, wanasema nimeshaumbuka. Anayeongoza anashindwaje? Fundi baiskeli, Ng'ambo, Tabora.*

Marahaba, fundi. Ulitabiri mambo mawili kwa pumzi moja, tuyatenganishe. La kwanza, kwamba Dodgers watakuwa juu. Hilo lipo: walikwenda mapumzikoni wakiwa wameshinda 58 na kupoteza 39, na ndio vinara wa Kundi la Magharibi la Ligi ya Taifa, ambayo pamoja na Ligi ya Amerika ndizo zinazounda ligi kuu. La pili, kwamba watafika 120. Toa 58 kwenye 120, zinabaki 62. Mechi walizobakiza ni 65. Yaani wapoteze tatu tu kuanzia sasa hadi mwisho wa Septemba, timu ambayo mwanzoni mwa Julai imepoteza saba mfululizo, na mojawapo ni ile ya Julai 4 waliyopigwa mbio 18 kwa 1 (mbio ndizo pointi za besiboli) na Houston Astros nyumbani kwao. Namba yako imekwisha, fundi. Nunua soda.

Lakini soma sababu yako. Uliandika, "Wana warushaji wengi kuliko timu yoyote." Mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira, na Machi hilo lilikuwa kweli. Walimsajili Blake Snell kwa dola milioni 182 za miaka mitano, wakamleta Roki Sasaki kutoka Japani, juu ya Yoshinobu Yamamoto na Tyler Glasnow waliokuwapo. Walipoanza msimu kwa kushinda mechi nane bila kupoteza, hapa stesheni watu walikuwa wanahesabu 120 kama mishahara. Kisha Snell akaumia bega baada ya kuanza mechi mbili tu. Glasnow akafuata, na Sasaki naye. Bega na kiwiko cha mrushaji ni vitu vinavyokatika, na anayetabiri mshindi kwa kutegemea warushaji lazima akate kidogo kwenye namba yake.

Sababu yako haijafa, imelala. Glasnow amesharudi Julai 9, Snell na Sasaki wanatarajiwa kurudi kabla ya Oktoba, na Shohei Ohtani, mpigaji wao ambaye pia ni mrushaji, ameanza tena kurusha tangu Juni 16, baada ya ule upasuaji wa kiwiko wa 2023. Kwa hiyo swali la nani atabeba ubingwa wa dunia bado liko wazi upande wako. Rekodi ya ushindi 116 wanayo Chicago Cubs wa 1906 na Seattle Mariners wa 2001, na wote wawili hawakuwa mabingwa mwaka huo. Cubs walifungwa kwenye fainali, Mariners hawakufika hata fainali. Ningekuwa wewe ningefurahi zaidi Snell kuwa mzima Oktoba kuliko kuona namba 120.

Usisahau tu kwamba mechi zao za nyumbani zinaanza saa kumi na moja alfajiri kwetu. Atakayekudai soda akuambie kwanza kama ameamka akaangalia.

*Baba, shikamoo. Mimi nauza migebuka Kibirizi. Nilichagua Atlanta Braves. Shemeji yangu alichagua Toronto Blue Jays, timu iliyoshika mkia mwaka jana, na nilimcheka mbele za watu. Sasa yeye anaongoza na mimi niko chini, na kila akija kuchukua samaki ananiimbia. Nibadilishe timu? Mama wa Kibirizi, Kigoma.*

Marahaba, mwanangu. Usibadilishe. Umeandika jina lako na timu yako, simama nayo hadi Septemba. Ila shemeji yako ni haki aimbe.

Nimefungua ukurasa wako. Uliandika: "Spencer Strider anarudi na Ronald Acuña Jr. anarudi, walikosekana mwaka jana na bado timu ilifika mchujo." Kwangu mimi hii ni sababu bora kuliko nyingi nilizozipokea, na watabiri wengi wa Marekani wenyewe waliwaweka Braves pale juu kwa hoja hiyo hiyo. Kilichotokea ni hiki. Walianza kwa kupoteza mechi saba za kwanza. Jurickson Profar, mpigaji waliyemsajili, akafungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa kabla Machi haijaisha. Mrushaji Reynaldo López akafanyiwa upasuaji wa bega. Strider, naye mrushaji, alirudi Aprili, akacheza mechi moja, akaumia msuli wa paja akatoka tena. Acuña alirudi Mei 23 na mpira wa kwanza aliorushiwa akaupiga ukavuka uzio, watu wakadhani sasa mambo yameanza. Juni, Chris Sale, aliyekuwa mrushaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka jana, akavunjika mbavu akidaka mpira wa chini.

Kwa hiyo nusu ya sababu yako, Acuña, ilitimia kabisa, na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Nusu ya pili, warushaji, imekufa. Walikwenda mapumzikoni wameshinda 42 na kupoteza 53.

Najua utaniuliza habari za 2021, kwa sababu watu wa Braves wote huuliza. Ni kweli: mwaka ule nao walikuwa chini ya nusu mapumzikoni, ushindi 44 na kupoteza 45, tena Acuña alikuwa amechanika goti Julai 10, na bado wakawa mabingwa. Walileta wapigaji wapya wa pembeni mwishoni mwa Julai na timu ikageuka. Lakini mwaka ule New York Mets waliokuwa wakiongoza kundi walikuwa mbele yao kwa mechi nne tu (chukua tofauti ya ushindi, jumlisha tofauti ya kupoteza, gawa kwa mbili; ndiyo maana nusu huingia). Leo Philadelphia Phillies wako mbele kwa mechi kumi na mbili na nusu, na Mets nao wapo katikati. Umbali wa mechi nne timu inaufuta kwa wiki mbili nzuri. Kumi na mbili na nusu unahitaji uwe mzuri sana na yule wa mbele aanguke, na ukiwa na warushaji wodini hilo la kwanza tu ni mlima. Sioni 2021 ikijirudia.

Tuje kwa shemeji. Blue Jays 2024 walishinda 74 wakapoteza 88 na kushika mkia wa Kundi la Mashariki la Ligi ya Amerika. Sababu aliyoandika ni kwamba mpigaji wao, Vladimir Guerrero Jr., atasaini mkataba mpya na akili yake itatulia. Aprili akasaini, miaka 14, dola milioni 500. Mwanzoni mwa Julai wakawakaribisha New York Yankees Toronto na kuwapiga mechi zote nne, wakakaa kileleni, na mapumzikoni walikuwa 55 kwa 41. Hiyo ni sababu iliyoandikwa kabla na ikatokea. Mpe heshima yake, na samaki mmoja wa ziada.

Ila mwambie hivi kutoka kwangu. Tofauti kati ya mbio ilizopata Toronto na ilizofungwa ni ndogo, ndogo mno kwa timu inayoongoza, na Yankees waliowapita wana tofauti kubwa kuliko wao. Timu ya namna hiyo inashinda mechi nyingi kwa tofauti ya mbio moja. Wanaweza kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho. Ila mwenye kuimba aimbe akijua kwamba jirani yake yuko karibu.

*Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tabora. Mwalimu wetu wa hesabu alisema timu inaweza kuwa nzuri kuliko msimamo unavyoonyesha na kuna njia ya kuipima. Naomba utuonyeshe, tuna daftari.*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote na nitakujibu kwa vitendo. Chukua kalamu.

Njia hii aliitunga Mmarekani anayeitwa Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya kopo huko Kansas, akiandika hesabu zake za besiboli zamu ikiwa kimya. Unahitaji namba mbili tu: mbio ambazo timu imepata na mbio ambazo imefungwa. Kila moja izidishe kwa yenyewe. Kisha ile ya kwanza igawe kwa jumla ya zote mbili. Jibu ndilo sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda.

Tufanye kwa San Diego Padres wa 2023. Walipata mbio 752, wakafungwa 648.

752 mara 752 ni 565,504.
648 mara 648 ni 419,904.
Jumla ni 985,408.
Gawa 565,504 kwa 985,408, unapata 0.574 hivi.
Zidisha kwa mechi 162, unapata 93.

Sasa angalia walichopata kweli: ushindi 82, kupoteza 80. Kumi na moja zimepotelea wapi? Kwenye mechi za mbio moja walishinda 9 na kupoteza 23. Kwenye mechi zilizokwenda zamu za nyongeza, baada ya zile tisa za kawaida, walishinda 2 na kupoteza 12. Walikuwa wakishinda kwa mbio nyingi siku wakishinda, na siku wakipoteza wanapoteza kwa unywele. Ile Julai ya 2023 karibu kila mtu alisema timu hii ni ya ovyo, mishahara mikubwa bure. Walipomaliza msimu wakamuuza hata mpigaji wao nyota, Juan Soto. Na mwaka uliofuata, 2024, bila Soto, wakashinda mechi 93. Namba ile ile uliyoipata sasa hivi kwenye daftari lako.

Usije ukadhani kila mara hesabu italingana hivyo kama vipande vya mbao vilivyorandwa, hiyo ya 93 na 93 ina bahati ndani yake. Na kuna wa upande wa pili: Baltimore Orioles wa 2012 walipata mbio 712 na kufungwa 705. Fanya mwenyewe, utaona walistahili karibu nusu tu. Wakashinda 93, kwa sababu mechi za mbio moja walishinda 29 na kupoteza 9. Mwaka uliofuata wakarudi 85.

Nifanyie kazi moja. Chukua timu zote tano za kundi lolote, mbio zao hadi leo, ufanye hesabu hii na uilete kwa mama wa kahawa. Nitaibandika ndani ya kaunta buku kwa gundi.

*Mzee mwenzangu, salama? Nakuheshimu, lakini watu wa Tabora tunayo timu yetu na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Haya magongo ya Wamarekani yanayochezwa sisi tumelala yanatuhusu nini? Mkazi wa Kanyenye.*

Salama, mzee mwenzangu. Najua unaipenda Tabora United, nami naipenda, kwa hiyo nikujibu kwa hiyo hiyo.

Unakumbuka Novemba 7, 2024? Vijana wetu walikwenda Chamazi wakaifunga Yanga 3 kwa 1. Hapa mjini watu hawakulala. Yanga walikuwa wametoka kufungwa na Azam 1 kwa 0 siku tano kabla, na kwa wiki nzima kila kijiwe kuanzia Kanyenye hadi Isevya kilikuwa na kauli moja, kwamba Yanga wamekwisha na ubingwa ni wa Simba. Kocha Miguel Gamondi akaondolewa. Waliokuwa wametabiri Yanga bingwa mwezi wa nane wakaanza kukana. Nilisikia mtu mzima akisema yeye tangu mwanzo alisema Simba, na tulikuwa naye tuliposikia akisema Yanga.

Yanga walimaliza na pointi 82, Simba 78, na Juni 25 mwaka huu wakaifunga Simba 2 kwa 0 mechi ya mwisho. Nani aliandika sababu yake mwezi wa nane? Kama aliandika "Yanga wana kikosi kipana," basi Novemba sababu ile ilikuwa haijaguswa. Waliofungwa ni Yanga, kikosi kilikuwa kile kile. Ule ushindi wa Tabora United unabaki wetu na hakuna wa kuupunguza. Ila ulikuwa ushindi wa siku moja, na watu waliugeuza kuwa hukumu ya mwaka mzima.

Hilo ndilo linalonifanya niukeshee huu mchezo wa Wamarekani. Una mechi 162. Kila siku kuna matokeo, na ukiandika sababu yako unaiona ikiishi au ikifa taratibu mbele ya macho yako, tofauti na ligi yenye mechi 30. Na si mchezo wa Wamarekani peke yao tena: Wajapani wameufundisha kwenye shule za hapa nchini, na uwanja upo Dar es Salaam, Sekondari ya Azania. Karibu kahawa, mzee mwenzangu. Hata usipolipenda gongo, kaunta buku utalipenda.

*Mzee habari za kazi. Nimevuna maharage na nimeuza vizuri. Nimeona Colorado Rockies wanafungwa kila siku, na mwaka jana Chicago White Sox waliweka rekodi ya kupoteza mechi 121. Nataka kuweka hela kwamba Rockies wataivunja. Utabiri huu si mwepesi? Kijana wa Kasulu.*

Nzuri, kijana wangu. Hela ya maharage ina mbegu za msimu ujao ndani yake, na ada, na mafuta ya taa ya mama yako. Usiiweke. Mimi sitamsaidia mtu yeyote kutandika mkeka, na nakuomba kama mtoto wangu uiache.

Lakini swali lako lenyewe ni zuri mno, na nitakuonyesha kwa nini si jepesi.

Rockies mwaka huu wameonekana vibaya kuliko timu yoyote niliyowahi kuifuatilia. Mei 10 walifungwa na Padres 21 kwa 0, nyumbani kwao Denver. Siku iliyofuata wakamwondoa kocha wao, Bud Black, wakiwa wameshinda 7 na kupoteza 33. Juni 1 ilipoisha walikuwa 9 kwa 50. Ukichukua kasi ile na kuivuta hadi mechi ya 162 unapata ushindi usiofika hata 25. Ndipo kila mtu akaandika kwamba rekodi ya White Sox imekwisha.

Mapumzikoni wamefika 22 kwa 74. Ukichukua kasi ya msimu mzima, watamaliza na ushindi 37 na kupoteza 125, na wewe ungekuwa umepatia. Hiyo ndiyo hesabu uliyoifanya, na ndiyo wanayoifanya wengi.

Sasa gawa msimu vipande viwili. Kipande cha kwanza, hadi Juni 1: 9 kwa 50. Kipande cha pili, tangu Juni 2 hadi mapumziko: 13 kwa 24. Hawa wa kipande cha pili bado ni timu mbovu, inayoshinda kama mechi moja katika tatu. Ila si timu ile ile. Wamebakiza mechi 66. Kwa kasi ya kipande cha pili watashinda kama 23 na kumaliza na ushindi 45. Ili wavunje rekodi ya White Sox lazima wapoteze 48 kati ya hizo 66, yaani washinde 18 au pungufu. Wanapaswa kurudi kuwa karibu na ubaya ule wa Aprili na Mei.

Je, watarudi? Naona hawatarudi, na nimeandika hivyo kwenye kaunta buku na tarehe yake. Sababu yangu ni kwamba timu ya wachezaji wa kulipwa kupoteza mechi tano kati ya sita kwa miezi miwili huwa kuna ubovu wa kweli na kuna balaa lililopandana na ubovu huo, na balaa huwa halikai msimu mzima. Tena wana mdakaji kijana, Hunter Goodman, aliyechaguliwa kwenye Mechi ya Nyota Wote kwa haki kabisa. Na wanacheza nusu ya mechi zao Denver, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi hata ya Tabora hii yenye kama 1,200. Hewa kule ni nyepesi, mpira ukipigwa unakwenda mbali, na mechi inaweza kugeuka zamu ya mwisho. Uwanja wa namna hiyo huwapa hata wanyonge ushindi wa hapa na pale, na hizo za hapa na pale ndizo zitakazowaokoa.

Ungeandika utabiri wako Juni 1 ningeuheshimu sana. Leo Julai, ukiwa na kipande cha pili mezani, nataka uniambie kwa nini unakipuuza. Ukinipa sababu nitaichapa toleo lijalo. Hela, peleka ghalani.

*Mzee, wengi wetu wa huku Mwanga tulikuandikia Baltimore Orioles. Mbona umenyamaza kuhusu sisi? Na wewe mwenyewe uliandika nini? Wapenzi wa besiboli, Mwanga, Kigoma.*

Sijanyamaza, zamu yenu ilikuwa haijafika. Nimezisoma barua zenu zote na zinafanana: "Wapigaji vijana, watakomaa." Orioles walikuwa wameshinda mechi 91 mwaka jana, kwa hiyo hakuna aliyeota ndoto. Ila hakuna hata mmoja wenu aliyetaja kwamba Corbin Burnes, mrushaji wao wa kwanza, alikuwa ameondoka kwenda Arizona, na pengo lake halikuzibwa na mtu wa kimo chake. Mei 17, wakiwa 15 kwa 28, wakamwondoa kocha Brandon Hyde. Mapumzikoni wako 43 kwa 52. Ukifungwa mbio sita kabla ya zamu ya tano, ujana wa wapigaji haukusaidii. Hapa ndipo ninapotaka safari ijayo tuandike mambo mawili: kwa nini timu itashinda, na nini kinaweza kuizuia. Mngeandika la pili, Burnes angejitokeza.

Mimi niliandika Detroit Tigers, Kundi la Kati la Ligi ya Amerika. Sababu yangu ilikuwa mrushaji wao bora, Tarik Skubal, na ule mwisho wao wa 2024. Julai ile waliuza wachezaji wakionekana wamekata tamaa, kisha kuanzia Agosti 11 wakashinda 31 na kupoteza 13 na kuingia mchujo. Niliona timu iliyomaliza hivyo haikubahatisha. Wamekwenda mapumzikoni wakiwa 59 kwa 38, rekodi bora ya ligi nzima. Ninachokitazama sasa ni bega na kiwiko cha Skubal kila anapopanda kwenye kile kilima kidogo cha mrushaji, na bado sijaona kasi yake ikipungua.

*Mzee, kuanzia sasa tuangalie nini, na lini tukutane kuhesabu? Dereva wa bodaboda, Ipuli, Tabora.*

Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Julai 31 saa kumi na mbili jioni ya New York, kwetu itakuwa saa saba usiku kuamkia Agosti 1. Angalia nani anauza. Timu inayouza mrushaji wake bora imekuambia yenyewe inajionaje. Inayonunua, angalia imenunua kitu gani, maana mara nyingi inanunua kile kile ambacho utabiri wako wa Machi ulisema inakosa.

Msimu wa kawaida unaisha Septemba 28. Jumamosi inayofuata, baada ya saa kumi jioni, tukutane kwa mama wa kahawa. Wa Kigoma, andikeni barua zifike kabla. Mwenye utabiri mpya wa nusu ya pili auandike ukurasa wa kulia, autie tarehe na sababu mbili, ya kushinda na ya kukwama. Ukurasa wa kushoto, ule wa Machi, unabaki kama ulivyo.